Tepu Nyeusi Juu ya Kinanda

Jumamosi, 6 Septemba

Naanza kuandika leo kwa sababu neno lisilo na tarehe ni umbea, na sitaki siku ya kikao nionekane mmbea. Kuna jambo linapikwa katika kikundi chetu cha opera, na nina hakika nyama yenyewe ni mimi.

Nijieleze, ikiwa daftari hili litafika mbele ya kamati ya kikundi. Naitwa Dominiki, mtu wa Uvira, miaka hamsini na nane, tenori. Mchana nalinda magari kwenye maegesho ya maduka huku mtaa wa Point, kusini kabisa mwa Afrika, nimevaa kizibao cha rangi ya machungwa, na wenye magari wananiita boss kwa namna ya kunikumbusha kwamba si boss. Miaka kumi na minne kazi yangu imekuwa kutazama mikono. Naujua mkono unaotafuta ufunguo wake na mkono unaotafuta mlango wa mwenzake. Lakini Jumatano jioni na Jumamosi mchana navua kizibao, naingia ukumbi wa kanisa, nakuwa Kito.

Kito ni kijana wa miaka ishirini na mbili. Anampenda Sera, ila mama yake Sera amekwisha kupokea posa ya mzee tajiri, Bwana Mapengo. Kito anaimba chini ya dirisha, anajifanya daktari wa meno, anamng'oa mzee jino lisilouma, na mwisho anaondoka na bibi harusi. Opera hii ya kuchekesha, Posa ya Bwana Mapengo, ameitunga Térence, Mrundi aliyekuwa mwalimu wa muziki Bujumbura na sasa anauza kava za simu mjini. Tutaionyesha tarehe 29 Novemba katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Chatsworth. Wanaocheka kwamba Kito ana mvi nawaambia wafumbe macho wasikilize. Nilivuka mipaka minne bila hata begi, na sauti hii ndiyo kitu pekee cha nyumbani nilichofika nacho. Wakininyang'anya Kito, ninabaki na kizibao.

Leo, kwenye wimbo wa dirishani, ile noti ya mi ya juu ilinikataa. Ilikuwa vumbi la ukumbi. Nilikohoa, tukaendelea. Lakini nilipogeuka niliwaona watu watatu wanatazamana: Térence, Prodige mpiga kinanda, na mke wangu Antoinette, anayeimba alto na kuigiza mama yake Sera. Nimeandika saa: tisa na dakika kumi.

Jumatano, 10 Septemba

Prodige amebandika tepu nyeusi ya umeme juu ya kile kioo kidogo cha kinanda kinachoonyesha namba. Nilimuuliza ya nini.

"Ni mwanga tu, papa. Inanichoma macho."

"Mwaka mzima haikukuchoma."

"Macho nayo inazeeka, papa."

Ana miaka ishirini na sita.

Jumamosi, 13 Septemba

Mi ya juu imerudi, tena kwa urahisi. Tangawizi na kuacha maji ya baridi. Nilimwambia Antoinette njiani, akasema, "Nimesikia, Domi," akatazama nje ya dirisha la taksi.

Jumatano, 17 Septemba

Mvua. Wamekuja watu wanane. Tepu bado ipo.

Jumamosi, 20 Septemba

Ameletwa mtu mpya. Anaitwa Jules, kinyozi katika saluni ile ile mjini anakosukwa nywele Antoinette, viatu vyeupe, tenori. Tenori! Nilimuuliza Térence tangu lini tulipungukiwa na tenori. Akasema kila nafasi lazima iwe na msaidizi, mtu anaweza kuugua. Nikamuuliza nani anaugua. Akaanza kupanga viti.

Huyo Jules kajua sehemu yake kwa siku moja, na hilo si ajabu kubwa. Sisi hatusomi noti za mistari. Tunasoma solfa, herufi tupu, d, r, m, f, s, kama tulivyofundishwa kanisani. Juu ya karatasi kumeandikwa "Do ni F", lakini hiyo F ni shauri la mwenye kinanda. Yeye anatupatia do, sisi tunapanda kutoka pale alipotuweka. Hata mtoto anaweza. Kwa hiyo sikumsifu.

Jumatano, 24 Septemba

Sikukuu ya taifa. Moshi wa nyama kila kona, mazoezi hakuna. Nimelinda magari ya watu walioshiba.

Jumamosi, 27 Septemba

Léonard ni besi wetu, ndiye Bwana Mapengo, na ni rafiki yangu tangu tulipokuwa tunalala watu saba chumba kimoja hapa Point. Leo katikati ya wimbo wake alisimama akajishika kiuno.

"Domi," akasema, "mimi nikishuka tena kidogo nitatokea kwa jirani wa chini."

Watu walicheka. Térence hakucheka, alimkanyaga mguu. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale na niliona waziwazi alivyomkanyaga. Léonard akaanza upya.

Kwa nini aniambie mimi? Wimbo ni wake, besi ni yake. Alitaka kunipa ishara akazuiwa. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jumatano, 1 Oktoba

Upepo. Nimepigwa mchanga siku nzima kwenye maegesho, lakini jioni mi ya juu ilitoka safi. Nimewahi kuimba hivi Uvira tu, nikiwa na miaka ishirini na tano. Jules alinitazama, akainamisha kichwa. Aumie.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimeumia mimi.

Laetitia ndiye Sera. Ni binti wa watu wa Bukavu, ana soprano ambayo ukiisikia mara ya kwanza unageuka kutafuta inatoka wapi. Leo nilimkuta nyuma ya ukumbi, karibu na mapipa, analia. Térence alikuwa naye. Sikujificha, nilisimama tu mahali ambapo hawakuniona.

"Wimbo wangu umekufa, Mwalimu," alisema. "Pale juu ndipo watu walikuwa wananisikia. Sasa naimba kama mtu anayeita kuku."

"Vumilia, Laetitia. Ni kwa opera nzima."

"Ni kwa mtu mmoja."

"Basi ni kwa mtu mmoja. Vumilia."

Mtu mmoja huyo ni nani kama si mimi? Mimi ndiye ninayemshika mkono kwenye tendo la pili. Mimi ndiye mzee mwenye mvi atakayemwita "ua langu" mbele ya watu mia mbili. Anaona haya kusimama nami, na haya imemkausha sauti. Nina binti wa umri wake Bukavu. Nilirudi ndani nikaimba nikitazama ukuta.

Jumatano, 8 Oktoba

Maandamano mjini. Taksi chache. Mazoezi yameahirishwa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Laetitia kaniletea maandazi. Sikuyala. Mtu hakuletei maandazi bure.

Jumamosi, 18 Oktoba

Leo nina ushahidi, nauandika taratibu.

Wakati wa mapumziko nilikwenda jikoni mwa ukumbi kuchukua maji ya moto. Mlango ulikuwa umerudishwa nusu. Ndani walikuwemo Antoinette na yule Jules, wamesimama bega kwa bega mbele ya dirisha, wameshika karatasi moja. Nilijua ni karatasi gani kabla sijaisoma, kwa sababu kona yake ina doa la mafuta, na doa hilo nililitia mimi. Ni wimbo wa dirishani. Karatasi yangu.

Mke wangu alikuwa anamwonyesha kwa kidole. "Hapa anapumua," alisema. "Na hapa. Hapa hapumui, lakini inafaa uwe tayari."

"Na kwenye mi?"

"Kwenye mi ndiyo uwe tayari zaidi."

Nilirudi bila maji. Miaka thelathini na moja nimelala kitanda kimoja na mwanamke huyu. Yeye ndiye anayejua napumulia wapi, na amekwenda kumpa mtu mwingine. Nimeona watu wakiibiwa magari nikiwa nimesimama pale pale, wakanilaumu, nami nikawaambia kwamba mwizi hodari huja na ufunguo. Sasa naelewa walivyojisikia waliponitazama.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Aliniuliza kwa nini nimenyamaza. Nikasema koo.

"Koo inafanya nini?" Alisimama ghafla pale kwenye robot, taa ya barabarani ikiwa kijani, watu wakitupita.

Mbona ashtuke hivyo kwa neno dogo? Nimeliandika hilo pia.

Jumatano, 22 Oktoba

Koti la Kito ni la buluu, Antoinette ndiye aliyelishona. Leo nililivaa, kikanichoma kitu kiunoni. Pini. Pini nne, zimelibana koti kiunoni kwa mtu mwenye tumbo jembamba la yule kinyozi. Nilizichomoa nikazipanga juu ya kinanda, mbele ya wote, moja moja.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimemuuliza Antoinette. Nilingoja amalize kukunja nguo.

"Mnanificha kitu."

"Ndiyo," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hapana. Nilikuwa na tarehe zote kichwani.

"Ni nini?"

"Sitakuambia. Ukitaka kukasirika, kasirika. Ila opera utaimba wewe, nimekwisha sema."

"Umemwambia nani? Kwani wewe ndiyo kamati?"

"Domi, kama ningetaka kukuangusha, ningekuangusha Uvira, ulipokuwa mwembamba."

Akaenda kuoga. Anafikiri mzaha utamvusha. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na mimi hata nguo zenyewe ananikunjia yeye.

Jumatano, 29 Oktoba

Mvua siku ya tatu. Mi safi.

Jumamosi, 1 Novemba

Koti sasa narudi nalo nyumbani baada ya kila mazoezi. Léonard ameniuliza kama nalala nalo. Nikamwambia anayeuliza hivyo anajua sababu.

Jumatano, 5 Novemba

Léonard hakuniaga.

Jumamosi, 15 Novemba

Watu wa kikundi wakiniona wananyamaza. Zamani nilikuwa natania, nawapigia hadithi za wenye magari. Leo nilikula chapati zangu peke yangu kwenye ngazi. Jules alikuja akakaa ngazi ya chini yangu, akala zake. Nilimwambia hiyo ngazi ina watu. Akaondoka. Nilijiona mdogo kidogo, lakini si sana.

Sauti yangu haijawahi kuwa nzuri namna hii. Ndiyo maana wana haraka.

Jumatano, 19 Novemba

Siku kumi zimebaki. Tepu bado ipo, imeanza kuchakaa pembeni kwa kufunuliwa. Mtu anayebandika kitu kwa ajili ya mwanga hakifunui na kukifunika.

Jumatano, 26 Novemba

Imetokea, na mkono niliuona.

Mazoezi ya mwisho, mavazi kamili. Saa kumi na mbili na nusu umeme ulikatika. Tulikaa gizani, mvua inapiga bati, wanawake wanajipepea na karatasi za solfa. Baada ya dakika ishirini ukarudi. Mwenye ukumbi alikwisha kutuambia saa moja kamili anafunga, kwa hiyo Térence alipiga makofi. "Wimbo wa dirishani, moja kwa moja, twende!" Prodige alirukia kinanda, akanipa utangulizi, nikaingia.

Toka neno la kwanza niliona mambo magumu. Kila noti ilikuwa imewekwa kwenye rafu ya juu, nami nanyoosha mkono sifikii. Nikajisemea ni hofu. Nikaendelea kupanda, fa, so, la, shingo imekaza, na nilipofika mi ya juu sauti ilipasuka. Haikupungua, ilipasuka, ikatoka sauti ya mlango wa kabati. Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akajikohoza.

Ndipo nikauona mkono. Prodige alifunua tepu haraka, akabonyeza kitufe mara kadhaa, akafunika. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamatwa mlango wa gari la mwenzake ukiwa wazi.

"Papa, turudie," akasema. "Turudie tu, sasa iko sharp, iko sawa."

"Umeipandisha," nikasema.

"Hapana, papa."

"Nimekuona! Umeipandisha ili nianguke mbele ya watu, halafu umeirudisha."

Térence akaja na mikono juu. Sikumpa nafasi. Nilisema yote. Nilisema kukanyagana miguu, machozi ya kwenye mapipa, pini nne, karatasi yenye doa. Nilimwambia Jules kwamba saluni ina vichwa vingi vya kunyoa, akiache changu. Nilimwambia Léonard kwamba urafiki wake unauzwa kwa kukanyagwa kidole. Halafu nikamnyooshea kidole mke wangu mbele ya watu thelathini, nikasema huyu ndiye aliyewapa ufunguo.

Antoinette hakuinamisha macho. Alikuwa amevaa kilemba cha mama yake Sera, cha kuchekesha, chenye ndizi za plastiki, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Jules tu ndiye aliyejibu. "Papa, mimi sikuomba koti yako," alisema, taratibu.

Nilitoka, nikaingia mvuani. Nimekaa hapa mezani tangu nifike. Antoinette amekuja, amelala, hatujasemeshana.

Kuna kitu kimoja kinanisumbua, nakiandika ingawa hakinisaidii. Katika kazi yangu nimekamata watu wengi mkono ukiwa ndani ya gari la mwenzao. Mwizi hujitetea sana. Ana shemeji, ana ufunguo uliopotea, anakuuliza wewe ni nani. Leo watu thelathini hawakujitetea. Walinitazama tu, na hawakuwa na uso wa wezi.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimemwachia mwenzangu maegesho nikapanda mjini mpaka duka la simu anakofanya kazi Prodige. Alikuwa nyuma ya kioo anafungua simu ya mtu. Kinanda kilikuwa kimelala juu ya masanduku. Aliponiona aliweka bisibisi chini.

"Niwashie," nikasema.

Akakichomeka, akakiwasha. Nikaibandua tepu mwenyewe. Kwenye kioo kulikuwa na sifuri.

"Hii ndiyo namba gani?"

"Ni zero, papa. Kinanda hii umeme ikikatika, inasahau kila kitu. Inarudi zero. Jana nilisahau kurudisha."

"Kurudisha wapi?"

Aliiokota bisibisi, akaiweka chini tena.

"Prodige. Zero ni nini?"

Alijifuta mikono kwenye suruali. "Zero ni opera vile Mwalimu Térence aliiandika."

Mteja aliita mbele. Prodige hakwenda. Nilibaki nimeshika ile tepu, imenata kidoleni. Do ni F. Jana niliimba do iliyoandikwa kwenye karatasi, hiyo tu. Hakuna aliyeipandisha.

"Na siku zote?" niliuliza.

"Tulianza namba moja chini. Septemba. Ikaonekana umepumua, halafu ikaanza kukusumbua tena, nikashusha ya pili. Sasa tunaimba nne chini, papa. Kila kitu. Watu wote."

Watu wote. Nilikaa juu ya sanduku. Karatasi ya solfa haibadiliki hata nukta, ukishusha do wimbo mzima unashuka nayo, na mwenye kusoma herufi hana pa kulijua hilo. Nimelijua jambo hilo tangu nikiwa na miaka tisa. Nimeliandika hata humu, kwa majivuno. Léonard amekuwa akitafuta noti zake chini ya sakafu kwa ajili yangu. Laetitia amezikwa pale katikati, anaita kuku, kwa ajili ya mtu mmoja. Nami nikakataa maandazi yake.

"Nani alisema mshushe?"

"Papa..."

"Nani?"

"Mama Antoinette. Siku ile ulikohoa. Alisema wewe ukinyang'anywa Kito hautapona. Mwalimu hakutaka, alisema opera itaharibika. Mama akasema basi na yeye anatoka, na alto wote wanatoka. Eish, papa, alisema mambo kali."

"Na Jules?"

"Mama alikuwa anamuonyesha pale unapumua, ili pumzi ikikatika sisi wengine tujaze, watu wasisikie. Koti, ni Mwalimu alimvalisha mara moja, akaweka pini. Jules akaivua. Akasema kama ni hivyo yeye anarudia saluni yake."

Nilimwambia asimwambie mtu nimekuja. Akaapa. Nikamrudishia tepu yake, nikateremka mpaka baharini kwa miguu, nikasimama mahali pasipo na watu, nikajaribu mi ya juu, ile ya kweli, ile ya sifuri. Nilijaribu mara tatu. Haipo. Si vumbi. Haipo tena, na sijui iliondoka lini.

Nililia, naandika hilo pia na tarehe yake.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimeamka nimepoteza sauti.

Nilimshika Antoinette bega asubuhi, nikaonyesha koo, nikatoa mnong'ono. Alikaa kitandani ghafla. Akaniwekea kiganja shingoni, akakiacha pale muda mrefu.

"Haina joto," akasema.

Nikapandisha mabega.

"Tangu saa ngapi?"

Nikanong'ona kwamba ni mvua ya juzi. Akaondoka kwenda kuchemsha tangawizi. Alirudi na kikombe, akakaa karibu yangu mpaka nikamaliza, na tangawizi ilikuwa kali kweli kwa koo lisilo na ugonjwa.

"Nani atavaa koti?" aliuliza.

"Jules," nikanong'ona.

"Ni wewe umesema Jules?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Nikamwonyesha kibati cha pini. Alinitazama sana. Nilingoja aniulize, na nilikuwa nimejiandaa kumdanganya mpaka mwisho, maana wao wamenidanganya miezi mitatu kwa upendo, nami nitashindwaje siku mbili? Hakuniuliza. Alichukua koti akaanza kulibana kiunoni, uso ameupeleka upande wa dirisha.

Mchana nilikwenda saluni. Jules alikuwa ananyoa. Nilimsubiri amalize, nikamwekea koti begani, nikamnong'oneza kwamba pumzi ya pale kwenye neno "fungua" aichukue mapema, asifanye kama mimi. Alitaka kukataa. Nilimwonyesha koo. Akanishika mkono kwa mikono miwili, kama tunavyowashika wazazi.

Jumamosi, 29 Novemba

Chatsworth. Mvua ilikatika saa sita, ukumbi ukajaa: watu wetu na akina mama wa mtaa ule waliokuja kuona Waafrika wa mbali wanaimba nini.

Kabla ya pazia nilikwenda kwa Laetitia na mfuko wa maandazi niliyoyanunua njiani. Sikuwa na sauti ya kuomba radhi, kwa hiyo nilimpa tu. Alikula moja pale pale, akiwa amevaa nguo ya harusi, akacheka. Léonard nilimkanyaga mguu. Alinitazama kama mtu aliyepotewa na noti, kisha akanipiga mgongoni mpaka nikakohoa kweli.

Nikaketi kando ya Prodige kumgeuzia karatasi. Tepu niliibandua, nikaibandika chini ya kiti. Kwenye kioo kulikuwa na sifuri. Tendo la kwanza lilipita, watu wanacheka. Léonard alikuwa ameibuka kutoka chini ya sakafu na kila neno lake lilisikika mpaka mlangoni. Ulipofika wimbo wa dirishani, Jules akasimama chini ya ngazi, na kidole cha Prodige kikaenda chenyewe kwenye kitufe. Ni mazoea tu. Nikakishika.

"Kiache," nikanong'ona. "Do ni F."

Jules alikuwa mwoga mwanzoni. Pumzi ya "fungua" aliichukua mapema, vizuri. Alipanda, na mimi nikapanda naye mdomo wazi bila sauti, na alipoifikia mi ya juu aliishika, akaikalia. Nilimwonea wivu. Sitadanganya daftari langu: nilimwonea wivu mpaka masikio yakawaka. Halafu Laetitia akafungua dirisha la mbao akamjibu kutoka juu, huko anakoishi yeye, na mama mmoja wa Chatsworth kiti cha mbele akasema "hawu" kwa mshangao, akajiziba mdomo. Wivu ukapungua. Haukwisha, ulipungua.

Mwishoni Jules alivua koti mbele ya watu, akashuka nalo, akanivalisha. Halikunienea. Pini zilikuwa bado zipo.

Jumapili, 30 Novemba

Naandika ya mwisho. Daftari hili nililianza kwa ajili ya kamati, na sasa hakuna kamati ninayoweza kulipelekea, maana mshitakiwa aliyebaki humu ni mwandishi.

Baada ya ibada Antoinette alikuwa anaosha vyombo, nami nimekaa nyuma yake na kikombe cha tangawizi, bado mgonjwa. Akaanza kuimba polepole wimbo wa dirishani. Aliuanzia chini, kwenye ile do yetu ya kuzama, nne chini. Alipofika kwenye mi akaiacha wazi, akangoja, anasugua sufuria.

Nilisahau kwamba sina sauti. Niliipokea.

Mikono yake ilisimama ndani ya maji. "Koo imepona," akasema.

"Imepona."

Hakugeuka. Alitikisa kichwa, akasuuza sufuria, akaanza wimbo upya, chini kidogo tena.